Kofia Niliyomvua Otilia

Nikiwa mtoto wa darasa la saba huko Mbinga, niliamini kabisa kwamba akili ya mtu hukaa kwenye kofia yake ya sufu. Bibi ndiye aliyenitia imani hiyo. Alikuwa akifumua masweta ya mitumba na kutufumia kofia kwa spoku mbili za baiskeli, na kila alipomaliza moja alituvalisha mwenyewe huku akituonya: "Usimwazime mtu. Ataondoka na kichwa chako."

Mwaka huo Otilia, binti wa shangazi yangu, alikuja kutoka Liuli kusoma na sisi. Kwao ziwani ni joto. Baridi yetu ya mwezi wa sita ilimkuta na kigauni chepesi, meno yakigongana. Nilimwonea huruma, nikampa kofia yangu nyekundu.

Jaribio lililofuata akawa wa kwanza. Mimi, niliyeishika nafasi hiyo siku zote, nikawa wa kumi na moja.

Nilichanganyikiwa. Alikuja na akili zake, au alikuwa anatumia zangu? Sikumwuliza Bibi, maana jibu lake nililijua. Asubuhi moja ya ukungu, tukiwa njiani kwenda shule, nikamvua ile kofia.

"Dada, baridi," alisema.

Niliona aibu, lakini sikuirudisha. Baada ya wiki mbili kifua kikambana, shangazi akapanda kuja kumchukua. Mtihani wa mwisho ulimkuta kitandani kwao, na shule ikaishia hapo. Mimi nilifaulu. Leo ni mwalimu. Yeye anauza dagaa Liuli.

Najua nyuzi hazibebi akili, na darasani nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Ila nikibaki peke yangu mambo yananivuruga. Bibi alinionya juu ya mtu kuondoka na kichwa changu; hakuniambia lolote juu ya mimi kuondoka na cha mwenzangu.

Kila msimu wa baridi namtumia kofia kwa basi. Naye hupiga simu.

"Nimeipata, dada. Lakini huku nani avae sufu? Nimemwazima jirani." Halafu huuliza, "Na kichwa changu huko, hakijambo?"

Hucheka sana. Nami hucheka, kisha simu ikikatika najipapasa kichwa.