Mtia Vizibo

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. La, nakosea, ni tisini na sita, maana tisini na tano kiwanda cha bia cha mji wetu kilikuwa bado kinatoa moshi, na jirani yangu Norbert Gruszka alikuwa bado anaondoka alfajiri na kopo lake la chakula. Kilipofungwa, Norbert alihamia dirishani. Alikaa na kahawa yake akilitazama lile bomba la moshi lisilotoa kitu, na mkewe, Bernadine, akawa anadeki kuizunguka miguu yake.

Mji mzima ulimwita Norb Mpika Bia. Kumbe maisha yake yote kiwandani alisimama kwenye mashine moja tu, ile ya kutia vizibo. Bia ilimfikia imekwisha kuwa bia. Hakuwahi kusema hivyo, wala hakuna aliyemwuliza.

Basi Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa kwenye ukumbi wa parokia, tunakula samaki wa kukaanga. Padre Lambert akasimama akagonga glasi. "Jamani, sherehe yetu ya Agosti mwaka huu hatununui bia. Norbert wetu atatupikia mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Clete Dvorak, aliyekuwa akiendesha gari la kupakia makreti kule kiwandani, akapaza sauti: "Norb, usituchotee maji ya ziwa, eh!"

Njiani kurudi, Bernadine akamwuliza mumewe, "Sasa mbona hukukataa?"

"Nilikuwa na samaki mdomoni."

"Ungemeza."

"Nilipomeza walikuwa wameshapiga makofi, mama."

Kwangu Norbert alikuja asubuhi yake, kofia mkononi, akaniambia ukweli wa ile mashine. "Nikiwapa uchafu Agosti, jina langu limekwisha. Nikisema sijui, limekwisha leo. Twende dukani."

Duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani lilikuwa la Trudy Halverson, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Alituwekea seti mbili za wanaoanza juu ya meza. Moja ndogo, chupa moja pana ya kioo na pakiti zake. Nyingine kubwa, ndoo yenye mfuniko, mpira wa kunyonyea bia kutoka ndooni, kipimo cha kuelea cha kupimia sukari iliyobaki, makopo ya shira ya kimea, maua ya hopsi ya kuipa bia uchungu, chachu na kifaa cha kubania vizibo.

"Umewahi kupika?" Trudy akauliza.

"Nimekuwa kiwandani maisha yangu yote."

"Sikuuliza ulikuwa wapi, baba."

Norbert akakohoa. Trudy akaendelea taratibu, kama mtu anayemchagulia mtoto viatu. Seti ndogo, alisema, ukikosea umekosea kidogo, unamwaga unaanza tena, na mkono unajifunza haraka. Kubwa inatosha wageni, lakini kosa lake ni kubwa vilevile. Yoyote utakayochukua, tazama tarehe ya chachu, kwa kuwa chachu iliyozeeka haiamki tena. "Mimi ningeanza na ndogo."

Norbert hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshika kizibo kimoja, anakizungusha kwa kidole gumba. "Hivi vizuri," akasema. "Vina mpira mzuri ndani." Akachukua ndoo.

Siku ya kupika nyumba ilinuka mkate mtamu. Tukasafisha kila kitu kwa dawa, tukachemsha, tukapoza, tukatia chachu, tukaibeba ndoo hadi chumba cha chini ya nyumba. Ikaanza kutoa mapovu juu ya mfuniko: blup, blup. Norbert akateremsha kiti chake huko. Dirisha likabaki na kahawa iliyopoa.

Karatasi ya maelekezo ilisema ngoja. Ngoja mapovu yaishe, kisha tumbukiza kipimo, kesho tumbukiza tena, mpaka namba isibadilike. Lakini mapovu yalipopungua tu, mikono ikaanza kumwasha. Kiwandani bia ikikaa wazi bila kizibo, kengele hulia na msimamizi huja mbio. Norbert hakuweza kuitazama bia iliyokaa. Akaitia yote kwenye chupa, na vizibo akavibana vizuri ajabu, sijaona vilivyonyooka vile.

Jumapili moja ya Juni tulikuwa mezani kwao tunakula soseji. Chini kukasikika pa! Halafu pa! Pa!

"Nani anawinda ndani ya nyumba yangu?" Bernadine akasema.

Chachu ilikuwa haijamaliza kazi yake, na gesi yake haikuwa na pa kutokea. Tulingoja pakatulia, tukashuka na ufagio. Norbert alifagia vioo. Mwishoni akaokota kizibo kilichokuwa bado kimeshikilia shingo ya chupa. "Kizibo hakikuachia," akasema, na sikujua kama ni fahari au kilio.

Kesho yake akaenda peke yake kwa Trudy, akarudi na ile seti ndogo. Safari hii vizibo alimkabidhi Bernadine, avifiche. Alikuwa anakuja kuviomba, ananyimwa. "Namba imesimama?" "Bado kidogo." "Basi nenda ukakae." Akaenda akakaa.

Agosti ikafika na chupa chache tu, hazijazi hata kreti moja. Norbert akasimama mbele ya meza, shati limemganda mgongoni. "Jamani, ndiyo hii tu. Nyingine ililipuka. Mimi sikuwahi kupika bia. Nilikuwa natia vizibo."

Kisha Clete: "Bwana wee, mimi nilikuwa napakia makreti nyuma ya mgongo wako miaka yote hiyo. Ulidhani natazama nini? Mimina!"

Tuliinywa kwenye vikombe vidogo vya karatasi vya kahawa, kila mtu mafunda mawili. Ilikuwa na ukungu, na ilikuwa nzuri. Padre Lambert akarudi na kikombe chake mara ya pili, akaambiwa imekwisha.

Norbert hakurudi tena dirishani. Mimi kilichonibakia ni kitu kimoja. Nilimwuliza padre, akacheka. Nilimwuliza Bernadine, akaniuliza kama nataka kipande kingine cha pai. Ni nani aliyemwambia padre, ile Kwaresima, kwamba Norbert atapika?