Pasta Aliyeshukuru kwa Kila Sahani

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni wa zahanati ya kanisa kule Subukia alinipokea kwa bakuli la uji wa wimbi usio na sukari. Mimi nilikuwa nimevaa tai, nimetoka chuoni na cheti kipya cha lishe, nikitarajia kuonyeshwa ofisi. Alikaa mbele yangu akanitazama mpaka nikamaliza.

"Hiyo ndio utakuwa unaambia wamama wapikie watoto," alisema. "Sasa angalau unajua unawaambia nini."

Kazi ya afisa wa lishe wakati huo ilikuwa ya miguu na mdomo. Mtoto tulimpima mkono kwa utepe wenye rangi: kijani yuko salama, njano aangaliwe, nyekundu apelekwe hospitali. Subukia ni bonde la maziwa na mahindi, lakini watoto waliingia kwenye nyekundu kwa sababu maziwa yote yaliuzwa, na mboga ya terere iliyojiotea shambani ilihesabiwa kuwa chakula cha ng'ombe. Niliwaambia wazazi kwamba Mungu ameshawaoteshea dawa nyuma ya nyumba. Walinielewa upesi, nami nikadhani kazi hii ni rahisi.

Ndipo nikahamishiwa mtaa wa Rhonda, mjini, kwenye zahanati iliyojengwa nyuma ya kanisa, na mkubwa wangu akawa Pasta msimamizi. Alikuwa mtu wa mwili na kicheko, na nilimpenda tangu mwanzo. Shida ya pale haikuwa njaa, ilikuwa kisukari na presha. Nilifundisha watu kugawa sahani: nusu mboga, robo ugali, robo maharagwe au nyama. Kila somo Pasta alilifungua kwa maombi. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari.

Ibada ya Jumapili ikiisha, alikwenda kuwatembelea waumini nyumbani. Ukarimu wetu mnaujua. Mtumishi wa Mungu akiingia, kuku anachinjwa, chapati zinapikwa, chai inakolezwa sukari na soda inaagizwa dukani. Hakuruka nyumba hata moja. Aliinua mkono, akashukuru kwa sauti, akala.

Nilimfuata ofisini. "Pasta, sukari yako iko juu sana. Waambie wakupee mboga na maji."

"Na huyo mathe amechinja kuku yake ya pekee, nimwambie nini?" akaniuliza. "Halafu hicho chakula nimeshakiombea. Kitanidhuru aje?"

"Maombi hayatoi sukari kwa soda, Pasta."

Alicheka mpaka akapangusa macho. "Wewe fundisha wagonjwa. Mimi wacha nishukuru."

Basi nikamwendea mwenyekiti wa kina mama, nikidhani huko nitapata njia. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Tumpee Pasta mboga ya managu na maji?" akasema. "Watu watasema tumemchoka." Walimpenda kweli, na mapenzi yenyewe ndiyo waliyokuwa wakimpakulia.

Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, pale kiatu kilipombana. Kisukari kikikaa sana mwilini huua hisia za miguu, kwa hiyo hakusikia maumivu, na alipokiona kilikuwa kimeshaoza. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Tulikwenda kumwona nyumbani kwake Lanet. Waumini walibeba mikate, sukari na kreti ya soda, kama tunavyofanya tukienda kumwona mgonjwa, wakaviweka mezani wakamwomba ashukuru. Aliinamisha kichwa, kisha akakiinua watu wangali wamefumba macho.

"Nimemshukuru Mungu kwa kila sahani mlinipea," akasema. "Lakini huu mguu sikuwahi kumshukuru, hata siku moja. Na pia ni yeye alinipatia."

Mwenyekiti wa kina mama alilia kwa kwikwi. Pasta alifariki kabla ya mwaka kwisha, na makaburini nilijifariji kwamba angalau maneno yake yamewaingia.

Sasa nimestaafu. Nikiwakumbuka watoto wa Subukia, moyo wangu hutulia. Nikikumbuka Rhonda, naumia, kwa sababu yule mtu alikuwa rafiki yangu na nilijua kitakachomuua, nikashindwa kukiondoa mezani.

Majuzi nilialikwa Rhonda kwenye ushirika wa nyumbani, kwa mwenyekiti yule yule, ambaye ameshazeeka kama mimi. Kulikuwa na kuku, chapati na soda. Pasta wa sasa, kijana mwembamba, alishukuru vizuri sana, akamaliza sahani yake, akaisogeza mbele aongezwe.

"Pasta, hapo pametosha," nikamnong'oneza.

"Mzee wangu, baraka haikataliwi," akasema akitabasamu.

Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo na sufuria mkononi. Alinitazama, nami nikamtazama, na nilijua sote wawili tunamfikiria nani. Kisha akainamisha macho, akampakulia paja la kuku.