Gramu Mbili za Maji

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Februari, nilikuwa nimeiweka pembe juu ya mizani ya jikoni. Ninaijua saa hiyo kwa sababu niliiandika, pamoja na uzito: gramu mia moja thelathini na sita. Jumapili iliyotangulia zilikuwa mia moja thelathini na nane. Nilikuwa bado nimeshika penseli simu ilipolia. Mke wa rafiki yangu, kutoka Hyattsville, alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha kwamba mumewe ameanguka akivaa viatu vya kwenda kanisani, na kwamba hakuamka. Kiatu kimoja alikuwa amekwisha kukivaa.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa katika ghala la vifaa vya hospitali, yeye dereva, mimi fundi wa mashine. Yeye alitoka Moshi, mimi Tanga. Pembe ile aliiokota yeye katikati ya Januari, ndani ya kijito kilicho nyuma ya nyumba yangu huko Gaithersburg. Kwetu pembe ni mali ya mnyama mpaka afe. Huku kulungu dume huziangusha zake kila majira ya baridi, kisha huota nyingine. Rafiki yangu hakulijua hilo. Alisimama ukingoni, maji yakimdondoka mkononi.

"Yaani huyu anavua pembe kama kofia?"

"Kila mwaka."

"Na hajali imeangukia wapi?"

"Hajali."

"Basi mimi sikuumbwa kulungu. Sikiliza, bwana. Siku yangu ikifika usiniache kwenye baridi hii. Nipelekeni Moshi, kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya mama."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka uandike. Andika."

Niliandika, kwa kumridhisha, katika daftari lilelile la pembe, kwenye ukurasa ambao baadaye ulibeba pia safu ya uzito.

Kukereza pembe kuwa kalamu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima maktaba na kwa makosa. Makosa niliyahifadhi: ndani ya kopo la biskuti zilikuwamo kalamu kumi na moja zilizopasuka, kila moja na karatasi ya kueleza sababu. Pembe ya kulungu ina ganda gumu nje, na ndani ina sehemu yenye vitundu kama sifongo. Maji hujificha humo. Fundi akitoboa katikati na kubandika mrija wa shaba, kisha pembe ikaendelea kukauka, pembe husinyaa lakini shaba haisinyai. Lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni pembe.

Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu. Pembe hupimwa kila Jumapili mpaka uzito usibadilike kwa Jumapili nne mfululizo. Tundu hutobolewa kidogo kidogo, keekee ikitolewa mara kwa mara ipoe. Sehemu ya sifongo hunyweshwa gundi nyepesi na kuachwa hadi kesho yake. Msasa hupitishwa pamoja na maji, kwa sababu msasa mkavu huchemsha, na ukisikia harufu ile ya jino linalochimbwa na daktari umekwisha kuchelewa. Juu ya yote hayo, katika ukurasa wa kwanza, nilikuwa nimepigia mstari: Usiikaushe kwa moto.

Rafiki yangu alikuwa akinicheka. "Unaisubiri pembe kama mtu anayesubiri makaratasi ya uhamiaji," alisema. Kwa wiki sita aliwasimulia watu kanisani habari za pembe yake, kana kwamba ni ng'ombe aliyemwacha kwangu anenepeshwe.

Jumatatu tulikaa sebuleni kwa mjane. Kusafirisha mwili, pamoja na tikiti za mjane na watoto wawili, kulihitaji dola elfu kumi na tatu. Binti yao mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alisema kwa Kiingereza kwamba angependa kaburi analoweza kuliendea kwa gari. "Baba yako alishasema anakotaka," mama yake alimjibu kwa Kiswahili, lakini alisema akitazama zulia. Mimi nilithibitisha. Nikasema nimeyaandika maneno yake.

Kufikia Jumatano tulikuwa na elfu kumi na moja na mia nne. Kilichobaki kingetafutwa kwenye mnada, Jumamosi, katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa nesi Mkenya, mwepesi wa maneno.

"Fundi, ile pembe yake iko wapi? Tutengenezee kalamu. Hiyo tutaiuza mpaka watu watoboke mifuko."

"Bado mbichi."

"Mbichi ni nini? Kwani ni ugali?"

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilisema ninazo nyingine zilizokauka.

"Aliziokota yeye?"

"Hapana."

"Sasa?"

Ningeweza kuchukua pembe kavu rafuni na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Niliona huo ni udanganyifu, na juu ya maiti.

Alhamisi niliiweka pembe ndani ya oveni, moto wa chini kabisa, mlango wazi kidogo, kwa muda wa saa sita. Ilipotoka ilikuwa na gramu mia moja thelathini na moja. Namba hiyo ilinifurahisha, ingawa nilijua kwamba moto hukausha ganda kwanza na kuyafungia maji ya ndani. Niliikata, nikaitoboa, nikainywesha gundi, na Ijumaa nikaikereza. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na michirizi ya kijivu. Niliikagua kwa kioo cha kukuzia. Haikuwa na ufa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, mwenyekiti aliilaza juu ya kitambaa cheupe kwenye meza iliyokuwa dirishani. Chini ya dirisha palikuwa na chuma cha kupashia ukumbi joto, na siku hiyo kilikuwa cha moto, hakishikiki. Niliona. Nilipiga hatua mbili ili niihamishe, mtu akanipa mkono wa pole, nikasimama kuupokea.

Mnada wetu huenda hivi: anayenunua hulipa, kisha hukirudisha kitu kiuzwe tena.

"Mia mbili! Nani ana zaidi? Jamani msilale, hii si kalamu, hii ni tikiti ya ndege!"

Dereva mmoja wa ghala aliichukua kwa mia mbili na hamsini. "Irudi mezani!" alisema, na ukumbi ukapiga makofi. Mtu wa ubalozini akaichukua kwa mia nne. "Irudi!" Kijana mmoja wa kompyuta kutoka Falls Church akatoa mia tano. Zilibaki mia nne na hamsini, mzunguko mmoja tu. Kijana aliinua kalamu watu waione, akaizungusha ncha itoke, na tukasikia mlio mdogo, kama ukucha unapokatwa.

Ufa ulikuwa umekwenda kutoka nchani hadi kwenye pete ya katikati.

"Mimi sijaibana," kijana alisema. "Nimeizungusha tu."

"Aah, ufa mdogo," mwenyekiti alisema. "Hata pasipoti hukunjika. Nani ana—"

"Anakataa." Aliyesema ni mama mmoja, mzee kuliko sisi sote, na hakuinua sauti. "Mwacheni. Anaikataa safari."

"Mama, ni kalamu tu."

"Ni kalamu tu? Si mmetuambia ni yake?"

Mjane aliondoka kwenye kiti chake, akaipokea kalamu, akapitisha ukucha ndani ya ufa. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye fundi. Imepasuka kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo lote: gramu mbili kila wiki, saa sita za oveni, chuma cha dirishani. Sentensi moja ingetosha: nimeiharakisha. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na katika ukumbi huo nilijulikana kama mtu asiyeharakisha.

"Sijui, shemeji," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepewa jibu. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa analia bila sauti.

"Basi," alisema. "Atabaki na watoto wake."

Jumatatu nilikwenda Hyattsville kumwambia, daftari mfukoni. Binti alifungua mlango na kuninong'oneza kwa Kiingereza kwamba mama amelala, usingizi wa kwanza tangu siku ile. Niliondoka. Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba hiyo ndiyo sababu. Lakini nimefika katika nyumba ile mara nyingi tangu hapo, na nimemkuta macho.

Tulimzika Jumatano, Maryland, katika makaburi yaliyo karibu na barabara kuu, magari yakisikika wakati wote wa sala. Ardhi ilikuwa imeganda, ikavunjwa kwa mashine. Kalamu mjane alinirudishia. Iko ndani ya kopo la biskuti pamoja na zile kumi na moja, na ndiyo pekee isiyo na karatasi.

Jumapili iliyofuata mweka hazina alisoma hesabu mbele ya kanisa. Zilichangwa dola elfu kumi na mbili mia tano na hamsini. Mazishi ya hapa yaligharimu elfu nane na mia mbili. Kinachobaki, alisema, ni cha mjane, na watu wakapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilifungua daftari kwenye ukurasa ule, na chini ya maneno aliyoniamuru niyaandike nikaandika: Zimeokolewa dola elfu nne mia tatu na hamsini.