Fundi wa Taa za Bwawa Aliyekataa Chai

Hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka chekeni polepole, kwa sababu mpaka leo nikipita sokoni hapa Isiolo hakosi mama wa kuniuliza kama nimeshajifunza kuogelea.

Mume wangu anauza ngamia. Siku moja aliona bwawa la kuogelea kwenye hoteli huko Nairobi, akarudi kwetu mtaa wa Wabera na akachimba lake (watu wanahangaika na mitungi, sisi tuna maji ya kuangalia tu, haya). Sasa taa za ndani ya maji zikaungua zote, na jioni hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Nasra, na mimi nilishapanga tuketi pale kando maji yakiwaka. Nasra alimpenda huyo kijana kweli, lakini mamake kijana ni mtu wa kuchagua, nyumba nyingine alishazikataa. Nikaita fundi.

Akaja mwanaume wa makamo, salaam aleikum yake safi kabisa. Nikamletea chai. Akasema, "Asante mama, leo sinywi." Hapo moyo wangu ukageuka. Kwetu mtu mwenye nia nzuri atakunywa hata kidogo tu, kwa heshima, na anayekataa ana jambo. Nikaamua huyu simwachi peke yake hata kidogo (na hapo ndipo nilipojiponza).

Kwanza akazima stima ya nyumba nzima. Na kamera ya geti je? Hiyo nayo ikazimika. Nikamuuliza kama ataingia majini, akasema leo hapana, hataki maji yamwingie mdomoni. Jamani, fundi wa taa za majini anayekwepa maji! Nikajificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, nikachungulia. Amelala kifudifudi ukingoni, mkono majini, anafungua skrubu, kisha akaitoa taa yote ukutani na waya ukaanza kuifuata, mrefu, unatoka tu na kutoka. Nikasema moyoni, huyu anatubebea nyaya zetu mchana kweupe.

Nikatoka mbio, nikaushika waya, nikavuta. Akaniambia kwa upole niachilie, eti waya huachwa mrefu makusudi ili taa itolewe nje ibadilishiwe balbu pakavu. Nikamwambia hiyo hadithi akawaambie wengine, nikapaza sauti nikaita mwizi, na nikiwa bado naita nikakanyaga dera langu, nikaenda majini mzima mzima, upande wenye kina, na kuogelea sijui kabisa.

Fundi akaruka na nguo zake. Aliponifikisha ukingoni, sote tunakohoa, nikainua macho nikaona geti liko wazi, vijana wa boda wameingia na mawe mkononi, na katikati yao wakwe zangu, wamekuja mapema.

Kijana mmoja akauliza, "Mwizi ni huyu?"

Nasra alikuwa ametoka ndani, ananiangalia. Nilijua nikisema ukweli mbele ya yule mama, posa inaweza kuishia hapo, na nikinyamaza, fundi ataumizwa. Niliogopa, wallahi.

Nikasema, "Hakuna mwizi. Ni mimi nimemsingizia."

Vijana wakatupa mawe chini, wengine wakicheka. Fundi akakamua shati lake akasema, "Mama, mimi Jumatatu kama leo, na Alhamisi, huwa nafunga sunna, na hicho si kitu cha kutangazia watu. Lakini sasa nimekunywa nusu ya bwawa lako. Ile chai bado iko?"

Mamake kijana akavua ushungi wake wa juu akanifunika nao mabegani. Akasema mama anayekubali kosa lake mbele ya watu akiwa amelowa hivyo, yeye hawezi kumkataa binti yake. Nililia, na kwa bahati nilikuwa nimelowa tayari.

Taa ziliwaka jioni hiyo, na fundi tuliketi naye. Siku hizi mtu akikataa chai yangu, kwanza najiuliza leo ni siku gani. Ikiwa ni Jumatatu au Alhamisi, namwacha na amani yake. Lakini akikataa Jumanne, huyo simwondolei jicho.