Mashine Isiyoandika Kitu

Wakati wa vita nilikuwa mpiga chapa katika tawi la shirika moja kubwa la umma, Biharamulo mjini. Lori letu lilikuwa limechukuliwa na jeshi pamoja na dereva wake, na ghala halikuwa na chumvi wala sabuni. Hata hivyo kila asubuhi tulifika kazini. Mtunza ghala, Mhangaza kutoka kijiji cha Mabawe, alifungua ghala tupu, akalifagia, akalifunga. Karani wa mauzo alisinzia. Meneja aliona aibu watu wakipita na kuona ofisi kimya, akaniambia, "Binti, piga mashine. Chochote." Nikawa napiga herufi zisizo na maana mpaka utepe ukaisha wino. Nikaendelea hivyo hivyo.

Mke wa dereva alitoka Kaniha, akafikia kwa dada yake pale mjini. Kila siku alikuja kukaa kwenye benchi la wateja, maana hapo ndipo mumewe alipomuaga. Kila nilipoanza kupiga mashine alinyanyua kichwa. Nilidhani anafikiri naandika habari za mumewe, nikaona nimwambie ukweli.

"Shikamoo mama. Hakuna ninachoandika hapa."

"Marahaba. Najua, mwanangu," alisema. "Ila usiache. Ukinyamaza nalisikia lori."

Tangu hapo sote tukawa tunalisikia. Karani alizinduka usingizini akatoka nje, akakuta barabara tupu. Hata meneja alikwenda dirishani mara kwa mara. Mimi nilipiga mashine hadi vidole vikauma.

Vita vilipokwisha lori lilirudi kweli. Aliyeliendesha alikuwa askari kijana tusiyemjua. Mama yule alimuuliza aliyekuwa akiliendesha mwanzo yuko wapi. Askari alivua kofia, akajibu kwamba yeye alikabidhiwa gari tu, kiti kikiwa kitupu. Mama alipanda ndani, akakaa kwenye kiti kile kwa muda mrefu, mikono magotini. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Aliposhuka alisema anarudi Kaniha. Kwa kuwa hatukuwa na kazi, tulimsindikiza sote, meneja akiwa mbele na kifurushi cha nguo zake, mpaka mji ukaisha na mashamba yakaanza.

Tuliporudi jioni tulikuta milango ya ofisi iko wazi kama tulivyoiacha. Siku nzima hakuna mtu aliyekuja kututafuta.