Usukani wa Baba Ulipopona

Mafuta ya taa yakimwagiwa chuma chenye kutu hutoa harufu kali inayokwama kooni, na hadi leo nikiisikia hushtuka kabla sijajua kwa nini. Ni harufu ya uani kwetu Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya maji ya elnino kupungua na kuacha tope jeusi hadi vizingitini. Baba alikuwa na pikapu kuukuu. Shafti yake ya usukani, ile nondo inayoshuka kutoka mikononi mwa dereva kuelekea magurudumuni, ilikuwa imelika meno. Ukiuzungusha usukani ulizunguka bure kwanza, karibu nusu duara, ndipo magurudumu yakaitika. Mtu mwingine angeliegesha gari lile. Baba alijifunza. Alianza kukata kona kabla hatujaifikia, akizungusha mapema na kwa nguvu huku gari likienda moja kwa moja, kisha likageuka pale pale palipotakiwa. Sisi watoto tulijivunia ustadi huo kupita kiasi. Majirani walimtania kwamba analijua gari kuliko anavyomjua mkewe, naye alicheka, maana alipenda sifa.

Mama hakucheka. Alikuwa mjamzito, na uzazi wake wa mwisho, wa mdogo wangu Jillo, nusura umwue. Muuguzi alimwonya kwamba safari hii ajifungulie hospitali ya Ngao, si nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi. Niliyasikia maneno hayo nikichambua mchele, nikauchambua upya tangu mwanzo. Barabara ilikuwa imeliwa na mafuriko, magari ya abiria yalikuja yalipotaka, kwa hiyo tegemeo lilikuwa pikapu yetu. “Baba Salome,” mama akasema, akimwita kwa jina langu, ameketi mkekani na miguu imemvimba, “mimi kwenye gari la kubahatisha siingii. Tengeneza usukani, ama nitazalia hapa hapa.” Baba alinuna siku nzima, kisha akaenda kumwita fundi Kazungu.

Kazungu, Mgiriama mwembamba mwenye maneno mengi, alipata shafti nzima kwenye gari lililokuwa likivunjwa Malindi. Alimwambia baba ashike usukani ukiwa umenyooka, akaweka alama kwa chokaa, akamwaga mafuta ya taa kwenye kiungo kilichoshikana kwa kutu, akasubiri, kisha akagonga kwa nyundo mpaka shafti kuukuu ikachomoka. Akapitisha kidole penye meno, hayakuwapo. “Mzee, ulikuwa unaendesha na nini hii?” “Na akili,” baba akajibu, na sote tukacheka, hata mama. Ile nyingine ilipokwisha kukazwa bolti, Kazungu aligusa usukani kidogo tu na magurudumu yakasogea. “Sasa sikia, mzee. Lizungushe uwanjani mpaka jioni, bila mtu ndani. Mikono yako bado iko na gari la jana.” Baba akasema atafanya hivyo akishakula. Wali ulikuwa haujaiva chupa ya mama ilipopasuka.

Mama na shangazi yangu, aliyekuja kumsaidia, waliketi mbele na baba. Mimi nilipanda nyuma na bunda la kanga, nikiwatazama kupitia kioo. Palipokuwa pamenyooka baba aliendesha vizuri, nikamwona hata akitabasamu. Karibu na Ngao barabara hupanda tuta na kupinda. Niliona mabega ya baba yakianza kuzunguka mapema, kwa nguvu, kama siku zote, nami nikangoja gari lichelewe. Halikuchelewa. Lilimtii papo hapo, likateremka tutani na kuzamisha pua topeni.

Hakuna aliyevunjika mfupa, lakini mama alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua. Waorma waliokuwa wakinywesha ng’ombe karibu hapo walikuja mbio. Mkubwa wao alivua shuka lake, wakalifunga kwenye fimbo zao ndefu likawa machela. “Mama, wacha ogopa,” alisema. “Sisi nabeba. Wewe pumua tu.” Walipokezana kumbeba katika tope lililowafika magotini, na baba akifuata nyuma mikono mitupu. Mama aliokolewa. Mtoto, mvulana, alitoka kimya, na kimya akazikwa. Nilimchukia baba, na nilimchukia muda mrefu.

Mtaani walimsema Kazungu kwamba alikaza vibaya. Baba aliwakatiza kila mara: “Gari lilikuwa zima.” Hakuushika usukani tena. Mama naye hakulitaja jambo hilo, si kwa wema wala kwa ubaya, na nyumba yetu ikawa na kitu ambacho sote tulikizunguka tukipita.

Siku hizi nina gari langu, usukani wake hugeuka kwa kidole, na barabara kuu ina lami. Mwezi uliopita niliwapeleka wazazi Ngao, baba akapimwe macho. Safari iliyokuwa ya kufa na kupona sasa ni ya redio na njugu. Lakini kabla ya kila kona niliuona mkono wa baba, juu ya goti, ukizunguka mapema. Mama, aliyeketi kiti cha nyuma akiinamia kati yetu, aliuona pia. Akanyoosha wake, akaushika.

“Baba Salome,” alisema, “shafti mpya niliitaka mimi. Na mikono hii haikutuua. Ilikuwa imezoea kutuokoa.”

Kwenye kona iliyofuata mkono wa baba ulizunguka tena, na wa mama ukazunguka nao.