Futi na Kompyuta ya Kusinzia

Kuna fundi nguo mtaani anaitwa Futi. Jina lake halisi wateja wengi hawalijui na wala hawana shida nalo, kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Anaenda nayo sokoni, anapika nayo. Mume wake anasema siku ya harusi yao alichungulia kwanza chini ya shela kuona kama haipo.

Basi Futi huyu akaunda kompyuta. Sio alinunua, aliunda. Kasha alipewa na mtu aliyekuwa anahama, ubao mkuu ule wa ndani akaupata kwa jamaa wa vifaa chakavu, vingine akaokoteza kidogo kidogo. Maelekezo yote ni ya video za simu, simu yenyewe imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Siku alipobonyeza kitufe na feni ikaanza kuzunguka, alicheza kutoka chumba cha kazi mpaka jikoni, akarudi akicheza.

Kompyuta aliitaka kwa ajili ya darizi. Mashine ya kudarizi alikuwa nayo, ya mtumba lakini nzima, ila mashine hiyo haijui kuchora, inasubiri kuletewa mchoro kutoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo miaka yote Futi alikuwa anachora nembo kwa penseli, anazipeleka mjini kwa watu wenye kompyuta, na shati likirudi, kwenye kola kuna lebo ya hao watu wa mjini. Yaani ubuni wewe, asifiwe mwingine. Jambo hilo lilikuwa linamkaa kooni.

Kesho yake tu baada ya kompyuta kuwaka, bahati ikabisha hodi. Nahodha wa timu ya mpira ya wanawake alikuja kupunguza suruali, akaona michoro ukutani, akasema timu yao inataka nembo ya nyuki kwenye jezi. Nyuki mkali, sio wa kwenye chupa ya asali. Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi atakuja na wenzake wamwone nyuki kwenye skrini, wachague rangi, kisha jezi moja idariziwe mbele ya macho yao. Wakiridhika, jezi zote ni za Futi. Wasiporidhika, wanaenda mjini. Futi akasema hakuna neno.

Na kompyuta ikaanza vituko vyake siku hiyohiyo.

Futi yuko katikati ya bawa la kushoto, anapanga nyuzi, mara puu, skrini nyeusi. Feni kimya, taa kimya. Akawasha, ikawaka vizuri tu kama haijafanya kitu. Akachora bawa upya, akafika kwenye miguu, puu. Siku nyingine inakaa asubuhi nzima, ukishaanza kuiamini inakuzimikia. Mume wake akawa anapita mlangoni na chai yake, anauliza kama mgonjwa ameamka. Akasema kompyuta hiyo ingeajiriwa ulinzi, maana kwa kusinzia haina mpinzani.

Futi hakucheka, ila hakulia pia. Alifanya kama anavyofanya gauni likikataa kukaa mwilini. Hutengui kiuno na mikono kwa pamoja, kwa sababu likikaa sawa hutajua ni nini kilichokuwa kimeharibika. Unatengua sehemu moja, unamvalisha mteja, unaangalia. Basi akachomoa kijiti kimoja cha memori, akafanya kazi na kilichobaki. Ikazima. Akabadilishana vijiti. Ikazima. Fundi simu wa jirani akaja kuangalia, akashika kichwa, akasema labda ni joto. Futi akaacha kasha wazi, akalipulizia na feni la mezani mpaka vipande vya vitambaa vikaruka chumba kizima. Ikazima, tena ya baridi kabisa. Fundi simu akamwazima boksi la umeme la kompyuta yake mwenyewe, wakalifunga pamoja. Ikazima na hilo.

Jumapili ikawaka kutwa nzima bila hata kukohoa. Futi akaimba mpaka majirani wakajua. Jumatatu, kabla chai haijapoa, puu.

Hapo akaketi, akaitazama. Jumapili kulikuwa na nini ambacho leo hakipo, au leo kuna nini? Na wakati anawaza hivyo, masikio yake yakasikia kitu ambacho yalishazoea mpaka yakaacha kukisikia: tak-tak-tak-tak ya cherehani ya mama mkwe wake.

Huyo mama ndiye aliyemfundisha Futi kushona. Wanafanya kazi chumba kimoja, na kwa kuwa chumba chenyewe ni kidogo, cherehani yake imebanwa kabisa na meza ya kompyuta. Jumapili hashoni.

Mume aliposikia Futi anaishuku cherehani, alicheka mpaka chai ikamwagika. Cherehani ile ni ya kukanyaga kwa miguu, haina hata waya wa umeme, itazimaje kompyuta? Futi akamwacha acheke. Akaiwasha kompyuta, akafungua nyuki wake, akageuka.

"Mama, naomba ushone."

"Nishone nini? Nimemaliza."

"Chochote tu, Mama. Hata hewa."

Mama akavua miwani. "Hii cherehani nimeikanyaga kabla hujazaliwa. Leo ndio naambiwa nishone hewa."

Lakini akakanyaga. Polepole, nyuki akakaa. Kasi kidogo, nyuki akakaa. Futi akamwomba aongeze, na Mama, ambaye kuambiwa aongeze kasi kwake ni uchokozi, akaipeleka mpaka meza ikaanza kutetemeka na vifungo vikacheza kwenye kopo. Puu.

Mama akashusha miguu taratibu. Akasema basi Jumamosi yeye atakaa zake jikoni, wageni wakiondoka ndio ashone, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefungasha virago.

"Hapana, Mama," Futi akasema. "Kosa sio lako. Kitu kizima hakizimiki kwa kutikiswa. Humu ndani kuna kitu kimelegea."

Akaizima, akachomoa waya, akaibeba mpaka meza ya kukatia. Safari hii akatoa kila kitu, hata kile ambacho hakuwahi kukigusa tangu aifunge: ubao mkuu wenyewe. Akalegeza skrubu zake zote, akauinua. Nyuma yake, kwenye bati la kasha, kikang'aa kitu chembamba chenye kichwa cha njano.

Pini. Pini yake ya kushonea.

Akakumbuka palepale. Wakati anaunda, alichukia kuona nyaya zimezagaa, akaziviringishia kitambaa, akakibana kwa pini kama pindo la gauni, kisha akakishona vizuri kwa mkono. Pini moja ikadondokea ndani. Ikawa imelala zake kati ya bati na ubao, na kila meza ikitetemeka inaugusa ubao, umeme unapita pasipotakiwa, kompyuta inajizima.

Mama akaichukua, akaitazama kwenye mwanga. "Nilikufundisha nini mimi? Kazi haitoki mezani mpaka pini zote zirudi kwenye kimto."

"Ulinifundisha nguo, Mama. Kompyuta hukutaja."

Mama akacheka, na Futi akacheka, na mume akaja kuuliza kuna nini, Mama akamwonyesha pini.

Jumamosi nahodha alifika na kundi zima. Futi hakuisogeza meza hata kidogo, na Mama alikuwa kwenye cherehani yake, anakanyaga kama ana mashindano. Meza ikatetemeka. Nyuki akatulia kwenye skrini, mabawa yote mawili. Wachezaji wakabishana, mmoja anataka macho mekundu, golikipa anataka mwiba uongezwe, na Futi anabadilisha papo hapo wanavyosema, mpaka nahodha akasema, "Hapo hapo. Usimguse tena."

Futi akahamisha mchoro kwenye flashi, akaichomeka kwenye mashine ya kudarizi, akatandaza jezi. Sindano ikashuka. Ukatokea mwiba, yakatokea macho, yakatokea mabawa, na wachezaji waliokuwa wanabishana wakainama juu ya mashine wamepanga vichwa. Ilipomaliza, Futi akakata uzi, akashona kwenye kola lebo ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, akamkabidhi nahodha.

Nahodha akaivaa juu ya fulana aliyokuja nayo. Akasema zilizobaki wataleta Jumatatu, zote. Mjini hakukutajwa tena. Wakatoka, na mpaka wanakata kona Futi alikuwa mlangoni, anamwangalia nyuki wake anavyoondoka kwa miguu.